Klachi inashika wapi? Nilivyojifunza kwadi kwenye shamba la porini

Kuna maneno mawili nimeyasikia tangu nikiwa mtoto kila mtu anapofundishwa gari au pikipiki. Achia taratibu. Yaani ndo somo zima hilo, achia taratibu, na ukikosea unarudiwa maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi, ACHIA TARATIBU! Mwaka huu zamu yangu ilifika, nikiwa nimekaa juu ya kwadi baiki, pikipiki ya matairi manne, yenye klachi ya mkono huku chini Moshi tambarare, na nikagundua kwamba maneno hayo hayamsaidii mtu kabisa. Taratibu kuanzia wapi? Mpaka wapi? Hakuna anayesema. Nimeandika hii kwa ajili ya yeyote ambaye ameambiwa hivyo mpaka akaamini shida ni mkono wake.

Nianze na kwadi yenyewe imetoka wapi. Sisi kwetu ni Kibosho, na kama familia nyingi za Kichaga tuna kihamba juu mlimani, migomba, kahawa kidogo na ng'ombe wawili wa ndani, afu tuna shamba la porini huku chini, ukipita Mabogini, la mahindi na maharage. Kwa asiyejua mambo ya kwetu, ng'ombe wa mlimani anakula kutoka porini. Mahindi yakishavunwa mabua yanapandishwa juu kwa ng'ombe, na mama zetu wameyabeba kichwani miaka na miaka, siku hizi tunakodi pikapu. Sasa pikapu inaishia barabarani. Kutoka katikati ya shamba mpaka ilipo ni kama mita 600, kuna mifereji miwili ya kuvuka, kuna matuta, na bodaboda ukiifunga mzigo wa mabua inaingia kwenye mchanga inalala chini na dereva wake. Hapo ndo kaka yangu akapata wazo la pikipiki ya matairi manne. Akainunua used kwa mtu anayeuza vifaa vya shamba, ya Kichina, cc 250, ina keria mbele na nyuma, gia tano na rivasi. Bei ilikuwa nzuri, na mpaka inashushwa kwenye gari hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameuliza klachi yake ni ya aina gani.

Na hilo ni swali la kuuliza aisee, kabla ya hela kutoka. Kwadi nyingi za kazi za shamba hazina klachi ya kushika. Zipo zenye mkanda, unaweka mbele au nyuma unakwenda tu. Zipo ambazo unakanyaga gia lakini klachi inajishika yenyewe injini ikipanda mzunguko, kama zile Honda ndogo za zamani ambazo wazee wetu walikuwa wanapanda nazo mlimani. Yenye mkono wa klachi kushoto kama pikipiki ya Boxer mara nyingi ni ile ya mbio na michezo, watu wanaitaka kwa sababu dereva ndo anaamua nguvu ifike saa ngapi kwenye matairi. Hii yetu ilikuwa na keria za kubebea mzigo ila gia zake na klachi yake ni za hivyo.

Mi nilikuwa naendesha gari, IST ya otomatiki, miaka sita. Mguu wa kushoto umekaa tu, mkono wa kushoto unashika simu au hauna kazi. Klachi nilikuwa naijua kwa jina.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa kijana wa bodaboda wa pale karibu, dereva mzuri kweli kweli, namheshimu kwa hilo. Ilikuwa Februari, ardhi imekauka, vumbi mpaka kwenye kope. Akawasha, akanikalisha, akasema shika klachi, kanyaga moja, vuta moto, yaani ongeza mafuta, achia taratibu. Nikaachia taratibu. Hakuna kilichotokea, nikaachia zaidi, hakuna, nikaachia zaidi, vidole karibu vinatoka kwenye mkono wa klachi, na ghafla kile chuma kikaruka mbele kama kimepigwa teke, nikashtuka, na ukishtuka juu ya kwadi kidole gumba kinabana moto zaidi kwa sababu umejishikilia, basi tairi za mbele zikaingia kwenye mfereji. Sikuumia. Tukaivuta. Nikarudia. Siku ile injini ilizima mara 14, nilihesabu, na mara mbili iliruka. Mwisho yule kijana akasema, bila ubaya wowote, "Dada, we huna mkono wa klachi."

Nilikwenda nayo nyumbani ile kauli. Iliniuma. Nina miaka 36, nafanya kazi ya hesabu, nimejifunza vitu vigumu zaidi ya hicho, na nikawa nimelala naangalia kiganja changu cha kushoto kina malengelenge, najiuliza kama kweli kuna watu wamezaliwa bila mkono wa klachi.

Kesho yake nikapanda Kibosho kwa Baba. Baba ameendesha malori tangu ujana wake mpaka goti lilipokataa, Scania zile za pua, gia kumi, Moshi kwenda Tanga na Dar, na miaka ya mwisho alikuwa anapita Kitonga, ule mteremko mkali wa Iringa, kila wiki. Sikuwa nimemwambia habari ya kwadi kwa sababu nilijua atasema ni kitu cha watalii. Nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Inashika wapi?"

Nikamwambia sijaelewa. Akasema, "Ukiwa unaachia ule mkono, gari linaanza kutaka kwenda vidole vikiwa wapi? Mwanzo, katikati, au mwisho?" Nikafikiri, nikamwambia mwisho Baba, mwisho kabisa, vidole vikiwa karibu kuachia. Akanyamaza. Afu akasema, "Basi mama, tatizo liko kwenye waya."

Jumamosi tukashuka naye. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa pembeni ya kwadi, injini imezimwa, akavuta mkono wa klachi kwa vidole viwili tu, akaachia, akavuta, akaachia, kama mtu anayepima maziwa. Akaniambia nifanye vile vile na nisikilize kidole. Mkono wa klachi ukianza kuuvuta lazima kuwe na sehemu ndogo mwanzoni ambayo ni nyepesi, haina uzito, kama milimita 10 hadi 15 kule kwenye ncha, ndo unakutana na ugumu wa springi. Ile sehemu nyepesi inaitwa nafasi. Yetu haikuwa na nafasi hata kidogo, ukigusa tu tayari ni ngumu. Mtu alikuwa amekaza waya wa klachi mpaka mwisho. Waya ukikazwa hivyo klachi inakuwa kama imevutwa kidogo muda wote, ndo maana inakuja kushika vidole vikiwa vimeshafika mwisho, sehemu ambayo mkono wa binadamu hauna nguvu ya kupima chochote, na mimi vidole vyangu vifupi. Na sio hilo tu, klachi ya hivyo inateleza ukiweka mzigo, injini inalia juu lakini chombo hakiongezi mwendo, na pleti zinaungua polepole.

Nati ya kurekebisha ipo pale pale kwenye mkono wa klachi, unalegeza ile pete ya kufungia, unazungusha ya ndani, unapima, unafunga. Dakika tano. Hakutumia hata supana. Baba akavuta tena kwa vidole viwili, akatikisa kichwa kukubali, akasema sasa njoo.

Nataka nilieleze vizuri somo lake kwa sababu sijaona mtu mwingine anafundisha hivi.

Kwanza aliniambia mkono wa kulia uondoe kwenye moto. Usiguse moto. Injini ikiwa kwenye mzunguko wake wa chini, gia ya kwanza, klachi imeshikwa yote, sehemu tambarare. Achia polepole, na kazi yako sio kwenda, kazi yako ni kutafuta inaposhika. Utasikia vitu vitatu kwa mfuatano: sauti ya injini inashuka kidogo kama mtu aliyebebeshwa kitu, afu unasikia chini ya makalio kama kwadi inainama nyuma kidogo, afu inataka kusogea. Ukisikia cha kwanza SIMAMA. Vidole vikae hapo hapo, visiendelee, visirudi. Hesabu moja mbili tatu. Afu vuta klachi yote. Tena. Tena. Nilifanya hivyo nafikiri mara 40 bila kwenda popote zaidi ya hatua mbili tatu, na Baba hakuongea, alikuwa anasikiliza tu injini, na mara moja moja anasema "umepita" au "bado" kabla mimi mwenyewe sijasikia.

Mara ya arobaini na kitu vidole vilisimama vyenyewe. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Nilikuwa nawaza kitu kingine kabisa na vidole vikajua. Baba akasema, "Sasa hapo ndo uongeze moto, kidogo, na uachie iliyobaki."

Nikaenda. Mpaka mwisho wa shamba, nikageuka, nikarudi.

Kwa hiyo "achia taratibu" sio uongo, ila ni nusu ya habari na ni nusu isiyo na faida. Safari ya mkono wa klachi ina sehemu tatu. Ya mwanzo ambayo hakuna kinachotokea, hiyo unaweza kuachia haraka. Ya katikati, nyembamba sana, ndo pekee inayotaka utaratibu, na pale hauachii, unasubiri. Ya mwisho tena haina kazi. Mtu akiachia taratibu safari yote mkono unachoka kabla hajafika penyewe, afu akifika penyewe anapita. Hivi kwanini hatuambiwi? Nadhani wanaojua walishasahau jinsi walivyojua, mkono umejua siku nyingi kinywa hakijui.

Baadaye Baba alinichorea chini kwa kijiti nini kinatokea mle ndani. Kwenye lori klachi ni sahani moja kubwa kavu, inabanwa kwenye gurudumu la injini. Kwenye pikipiki na kwadi kama hii ni pleti nyingi ndogo zimepangwa kama chapati, moja ya msuguano, moja ya chuma, moja ya msuguano, moja ya chuma, zinabanwa na springi, na zote zinaogelea kwenye oili ile ile ya injini. Ukivuta mkono unazipa nafasi, ukiachia springi inazibana. Zikiwa zinagusana nusu nusu zinateleza kidogo huku zinabeba kidogo, na pale ndo pale nilipokuwa natafuta. Kwa kuwa ziko kwenye oili zinavumilia kuteleza kuliko ya lori, lakini hazivumilii oili yoyote. Oili nyingi za magari zimewekwa dawa ya kupunguza msuguano, ni nzuri kwa gari, ila kwenye pleti hizi inafanya zikose kushikana. Angalia kopo, liwe limeandikwa JASO MA, hiyo alama ni ya oili ya pikipiki zenye klachi ndani ya oili. Sisi tulimwaga iliyokuwemo siku ile ile kwa sababu hatukujua ni nini, na kule kuteleza kwa mzigo kukaisha kabisa, sijui kwa sehemu gani ni waya na sehemu gani ni oili.

Gia zenyewe hazikunisumbua. Moja chini, nyutro katikati, nyingine zote juu, kwa kidole cha mguu wa kushoto. Nyutro inajificha kati ya moja na mbili, ni rahisi kuipata kwadi ikiwa bado inatembea kidogo kuliko ikisimama. Rivasi kwenye yetu inaingia kutoka nyutro na kuna kitasa cha kuvuta kwanza.

Kilichonisumbua ni kona.

Mtu aliyezoea pikipiki anajua ukitaka kulia unalaza pikipiki kulia. Kwadi hailali. Na ekseli ya nyuma ya hizi ni chuma kimoja kutoka tairi mpaka tairi, haina difu, tairi zote mbili za nyuma lazima zizunguke sawa sawa. Gari likikata kona tairi ya nje inakwenda safari ndefu kuliko ya ndani na difu inaruhusu hilo, hapa hakuna ruhusa, kwa hiyo tairi moja lazima iteleze kidogo la sivyo kwadi inakataa kukata, inataka kwenda mbele tu. Mara ya kwanza nilikata usukani nikiwa nimekaa wima kama kwenye kiti cha ofisini na ikanyooka kuelekea kwenye mche wa mwarobaini. Inatakiwa mwili ufanye kazi. Unasogeza makalio ndani ya kona, bega linaingia ndani, na mguu wa nje unakandamiza kikanyagio chake. Ukikaa wima au ukiegemea nje, kwa spidi, inainuka tairi mbili na inaweza kukulalia, na hizi ni nzito kweli. Mapaja yaliniuma siku nne baada ya somo la kona, na ndo nikaelewa kwanini wanaopanda hizi wana miguu migumu.

Na mguu usishushe chini! Hili naomba mlisome mara mbili. Kwenye pikipiki ukiyumba unashusha mguu kujishikiza, ni tabia ya kawaida. Kwenye kwadi tairi ya nyuma iko pale pale nyuma ya mguu wako, ukishusha mguu inaupanda na kuuvuta. Watu waliozoea bodaboda ndo wako hatarini zaidi kuliko mimi niliyetoka kwenye IST. Yule kijana wa bodaboda alikuja kuijaribu na alishusha mguu mara mbili, Baba akamsimamisha, akamwambia kijana shuka kwanza tuongee, na akamweleza kwa upole, akaelewa. Kofia ngumu, viatu vya kufunga vinavyofika juu ya kifundo, hakuna ndala hata kama unahamisha mita tano.

Baba pia alishangaa kwanini moto ni wa kidole gumba na sio wa kuzungusha kama pikipiki. Tulikuja kuelewa tukiwa kwenye matuta. Usukani wa kwadi unakatwa kwa mikono yote, mkono mmoja unanyooka mbele mwingine unarudi, na ardhi inakutupa huku na huku, ingekuwa ni ya kuzungusha ungejikuta unafungua moto bila kutaka kila ukivutika nyuma. Na chini ya kile kidude cha moto kuna skrubu ndogo inayozuia kisiende mpaka mwisho. Tuliikaza kwa wiki tatu za mwanzo. Kama unamfundisha mtu, kaza hiyo skrubu kabla ya yote.

Swali lake lingine lilikuwa, kwanini nne, kwanini wasiweke matatu kama bajaji, si ingekata kona vizuri? Nikamtafutia. Kumbe zilianza na matatu kweli, Honda walianza kuziuza Marekani mwaka 1970, na ya matairi manne ya Suzuki ikaja mwaka 1982. Zile za matatu ziliumiza na kuua watu wengi, watoto wakiwemo, kwa kupinduka, mpaka mwaka 1988 watengenezaji wakakubaliana na serikali ya kule kuacha kuziuza mpya. Nilipomsomea akasema, "Hata bajaji zinanitisha kwenye kona," akaendelea kunywa chai yake.

Mlima mdogo ulikuwa somo la mwisho. Ukitoka shambani kuja barabarani kuna ukingo wa mfereji mkubwa, mfupi lakini umesimama, na mzigo uko nyuma. Hapo ukizima katikati ndo unajua umejifunza au hujajifunza. Kanuni ya Baba: breki ya mbele kwanza, usiruhusu irudi nyuma hata kidogo, kwa sababu ikishaanza kurudi ukibana breki ya nyuma kwa nguvu mbele inaweza kuinuka ikakuangukia. Mwili mbele, kifua juu ya usukani. Washa, gia moja, tafuta inaposhika huku breki bado imebanwa, subiri mpaka usikie imejaa, ndo uachie breki. Haitarudi. Klachi inaishikilia. Na kuteremka upande wa pili usivute klachi kabisa, iache injini ikushikilie. "Kitonga," akasema, "aliyekuwa anateremka na nyutro kuokoa mafuta, wengine hatukuwaona tena." Alisema hivyo huku anaangalia upande mwingine, sikuuliza zaidi.

Mara ya kwanza nilipozima pale katikati, na mabua nyuma, Kibo imefunguka mbele yangu asubuhi ile nyeupe kabisa, nilisikia moyo unapiga kwenye kofia. Breki. Washa. Moja. Vidole vikaenda vyenyewe mpaka pale, vikasimama. Nikahesabu mpaka tatu. Nikaachia breki na haikurudi hata inchi moja, ikabaki imening'inia pale kwenye ukingo kati ya kwenda na kurudi, na mimi ndo nimeishika kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto. Nilikaa pale kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Afu nikaongeza moto nikapanda.

Mwezi wa nane tulitoa mabua yote ya shamba mpaka kwenye pikapu kwa siku mbili, zamani ilikuwa wiki. Mama alikuja kuangalia, akagusa ile keria ya nyuma akasema aika, asante kwa Kichaga, akarudi kukaa kivulini.

Sasa wifi yangu naye anataka kujifunza. Kaka alianza kumfundisha wiki iliyopita na nilisikia kwa mbali, achia taratibu, achia taratibu, nikaenda nikazima injini. Tumepanga Jumamosi saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali. Nimemwambia avae viatu vya kufunga, aje na maji ya kutosha, na mkono wa kulia asiuweke kwenye moto mpaka nimwambie.